Mara ya pili ndiyo nilifika kilele cha Kerry

Nimezaliwa Moshi, kwa hiyo nilipohamia Tralee, mji wa kaunti ya Kerry nchini Ireland, kwa kazi ya kuhudumia wazee, nikasikia mlima mrefu kuliko yote Ireland ni Carrauntoohil wenye mita 1,038, sikushtuka. Kaka mmoja Mtanzania anayeishi Cork akaniambia, "Dada, kile ni kilima. Vaa raba zako tu, pandia Devil's Ladder, ndiyo njia fupi." Ushauri ule unaniudhi mpaka leo.

Kerry imechomoza baharini kama vidole vya mkono. Upepo wa Atlantiki ukiingia kutoka magharibi unapanda milima ya MacGillycuddy's Reeks, na mawingu yanamwaga mvua palepale. Nilitoka Cronin's Yard, mahali wapandaji wanapoanzia, kukiwa na jua. Nilipopita katikati ya yale maziwa mawili, Callee na Gouragh, jinzi yangu ilishalowa chapachapa, na jinzi ikilowa haikauki, inakung'ang'ania mapajani kama barafu. Devil's Ladder yenyewe ni korongo la mawe yasiyoshika. Ukikanyaga moja, linamwendea aliye chini yako. Nilifika juu ya korongo, pale mgongoni mwa mlima, nikitetemeka, na ukungu ukafunga kabisa. Nikageuka. Sijutii, maana upande wa kaskazini-mashariki wa kilele ni magenge matupu.

Nilisubiri hadi Mei, wiki ambayo upepo ulivuma kutoka mashariki, mkavu. Mwezi huo jua linazama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo hakuna haraka. Viatu vya mlimani vilinigharimu kama euro themanini hivi, na soksi za sufu za akiba nilizifunga kwenye mfuko wa nailoni. Safari hii nilipandia Zig-Zags, njia ya kona kona ubavuni mwa mlima uitwao Cnoc na Toinne. Ni ndefu zaidi, lakini mguu unashika.

Jambo lililoniokoa nililibuni mwenyewe. Kila penye jiwe au kona ya kukumbukwa nilisimama, nikageuka, nikapiga picha ya nilikotoka. Njia ukiipanda ina sura yake, ukiishuka ina sura nyingine kabisa. Wakati wa kushuka ukungu ulirudi, nikafungua simu, nikatembea kutoka picha hadi picha: jiwe lenye mstari mweupe, rundo la mawe, kona ya nyasi. Sikukosea hata mara moja!

Kileleni kuna msalaba wa chuma wenye kimo cha kama mita tano. Nililia pale. Mashariki niliona maziwa ya Killarney, kwenye hifadhi ya taifa ya kwanza ya Ireland, ya mwaka 1932. Kaskazini-magharibi, rasi ya Dingle na mlima Brandon. Nikaelewa kwa macho kwa nini kaunti hii imepakana na kaunti za Cork na Limerick tu: kwingine kote ni maji.

Kaka wa Cork nimemtumia picha. Anataka nimpeleke. Nimemwambia anunue viatu kwanza, soksi nitamletea mimi.