Nilivyovusha jenereta ya tani tatu hadi Faza, kisiwani Pate, kusi likivuma

Kila niliyemwuliza Mokowe, gati ya bara mkabala na Lamu, alinipa ushauri uleule: kizito kiweke chini kabisa, ongeza na farumi, yaani mawe ya kutuliza chombo, basi. Wachukuzi, wauza mafuta, hata fundi wa baiskeli. Niliwasikiliza, na nusura niwape samaki mashine ya watu.

Ilikuwa ya mtambo wa barafu wa wavuvi, tani tatu na ushei, na Julai haikujali haraka zetu. Tukaiteremsha ngamani, chini kabisa ndani ya jahazi, mawe ya farumi tukayaacha yote humohumo. Mkandani, mlango mwembamba kati ya bara na kisiwa cha Manda, tukapita maji yamejaa, nami nikaanza kujisifu. Tulipochomoza ghuba ya Manda, mawimbi yakatukuta ubavuni.

Si kwamba jahazi lilitaka kupinduka, la! Likilala kidogo tu, larudi wima kwa kishindo kabla hujashika kitu. Kila likirudi, mashine yataka kubaki kule, kamba zalia. Mara kamba ya joshi, upande wa upepo, ikakatika, ikanipita sikioni. Mashine ikasogea shubiri nzima. Mimi nikasogea zaidi, kuelekea kwenye boya. Ami, ndiye nahodha, hakusema neno. Aligeuza omo tukarudi, na kimya chake kilinichoma kuliko matusi.

Usiku nikakumbuka niliyosoma kuhusu meli za mizigo mizito, kama ile Blue Marlin iliyoibeba manowari ya Marekani, USS Cole, kutoka Yemen mwaka 2000. Wasanifu wa meli hizo hawaogopi kupinduka peke yake. Meli ikiwa ngumu mno, yaani uzito wake umekaa chini kupita kiasi, hurudi wima kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo ikatayo minyororo.

"Ami, tupunguze farumi, mashine tuinyanyue."

"Mwanangu, wataka kutuzamisha?"

Alfajiri, maji yametulia, tukasimama watu sita ubavu mmoja, tukakimbilia wa pili, tukalichezesha jahazi kama pembea. Tukatulia, nikahesabu: kwenda na kurudi, sekunde tatu. Tukatoa karibu nusu ya mawe, tukainua mashine kwa jeki mbili za lori, tukapanga boriti chini yake, dhiraa moja hivi. Kuhesabu tena: tano. Ami akacheka kwa pua. Ingefika saba ningerudisha mawe mbio, maana chombo kinacholala kikasita kuinuka ndicho kiuacho watu. Kamba za nailoni nazo tukazitupa, tukafunga minyororo na kupigilia kabari kila upande. Mzigo ukipata nafasi ya kidole utatafuta ya mkono.

Safari hii jahazi lilikwenda mrama polepole, kama mzee katika dhikri. Chai haikumwagika.

Kushusha Faza ilikuwa rahisi. Blue Marlin hujaza matangi maji ili sitaha izame, mzigo uelee juu yake. Sisi tulingoja maji ya bamvua yapwe, jahazi likakaa topeni, tukasukuma mashine juu ya magogo. Gharama? Elfu thelathini na kitu, bila kuhesabu miraa ya mabaharia.

Juzi nimemsikia yule fundi wa baiskeli akimwambia mtu gatini, kwa sauti ya mjuzi, kwamba kizito hakiwekwi chini kabisa.