Siku moja kwenye maabara ya biolojia ya mwanzo: kutoka seli ya kitunguu hadi mageuko

Kazi yangu ni kuandaa na kusimamia mazoezi ya vitendo kwa wanaoanza biolojia. Siku nzito kuliko zote ni ya marudio, kundi moja linapopitia ngazi zote za uhai kuanzia asubuhi hadi jioni: seli, tishu, ogani, kiumbe, kundi la viumbe wa spishi moja, mageuko (mabadiliko ya viumbe kizazi hadi kizazi). Naiandika saa kwa saa, pamoja na vipimo tunavyotumia na mahali majaribio yanapoharibika. Jambo moja linapita katikati ya siku yote: tofauti ndogo kati ya kitu na mwenzake, ambazo asubuhi mwanafunzi anatamani kuzifuta akidhani ni makosa ya kupima, ndizo mageuko yanazofanyia kazi.

Saa 1:00 asubuhi

Kemikali kwanza. Kwa myeyusho wa iodini, gramu 2 za potasiamu iodaidi zinayeyushwa kwenye maji kidogo, kisha gramu 1 ya iodini inaongezwa na kukorogwa mpaka iishe, ndipo maji yanajazwa kufika mililita 300. Mpangilio huo haugeuzwi. Iodini peke yake haiyeyuki vizuri majini, na ukiitanguliza vipande vyeusi vitabaki chini ya bikari.

Myeyusho wa sukari ndio unaokosewa zaidi. Molari ni kipimo cha ukolezi: molari 1 ya sukrosi, yaani sukari ya kawaida, ni gramu 342 ndani ya lita moja ya myeyusho, si gramu 342 kumiminwa juu ya lita moja ya maji. Sukari nayo inachukua nafasi: ukianza na lita kamili ya maji, ujazo unapita lita na myeyusho unakuwa hafifu kuliko lebo inavyosema. Naiyeyusha kwenye mililita 600 hivi, halafu najaza maji hadi alama. Baada ya hapo ni kuzimua: mililita 20 za myeyusho huo na 80 za maji zinatoa molari 0.2, 40 kwa 60 zinatoa 0.4, na kuendelea hivyo hadi 0.8. Nautengeneza asubuhi ileile, maana maji ya sukari yakilala nje bakteria na ukungu wanaanza kuyala.

Saa 2:15

Ukaguzi wa hadubini. Nasafisha lenzi kwa karatasi maalumu ya lenzi, kwa kuwa kitambaa cha kawaida huacha mikwaruzo, na kila hadubini naiacha kwenye lenzi ya kukuza mara 4. Kisha naweka rula ya plastiki angavu chini ya lenzi na kupima upana wa duara linaloonekana. Kwenye hadubini zetu ni milimita 4.5 ukikuza mara 40 kwa jumla (lenzi ya mara 4 pamoja na lenzi ya jicho ya mara 10), kwa hiyo ni 1.8 ukikuza mara 100 na 0.45 ukikuza mara 400. Namba hizo zinabandikwa kwenye kila hadubini. Bila hizo mwanafunzi ataona seli, lakini hatajua ukubwa wake.

Saa 3:00

Kitunguu ndicho kifaa bora cha kuanzia, kwa sababu kimoja tu kinabeba ngazi kadhaa. Gamba lake nene ni jani lililogeuka kuwa ghala, yaani ogani. Ngozi laini ya upande wa ndani wa gamba ni tishu, na ndani ya ngozi hiyo kuna seli zilizopangika safi. Wengi huja wakiamini kitunguu ni mzizi. Nakipasua katikati kuanzia juu hadi chini: kile kisahani kigumu cha chini ni shina fupi, majani yanatokea juu yake na mizizi chini yake.

Ngozi inachunwa kwa koleo, kipande cha nusu sentimita kinatosha. Kinatandazwa juu ya tone la maji kwenye slaidi, kisha linaongezwa tone la iodini. Kifuniko cha slaidi kinasimamishwa kwa mshazari, ukingo mmoja ukigusa maji, na kushushwa polepole kwa sindano ili hewa itoke upande wa pili. Ukikiangusha bapa, hewa inanaswa. Hapo ndipo unaletewa mchoro wa "seli" za duara zenye ukingo mweusi mnene, na kumbe ni mapovu. Seli za kitunguu ni ndefu, zina pembe, na kila moja inashikana na jirani yake bila kuacha nafasi.

Kosa la pili ni la lenzi. Unaanza na mara 4, unapata picha kwa skrubu kubwa, unapanda hadi mara 10, kisha 40. Ukishafika 40 skrubu kubwa haiguswi tena: lenzi iko karibu mno na slaidi, na mzunguko mmoja unavunja kioo au kuchubua lenzi. Ni skrubu ndogo tu.

Kosa la tatu nalishughulikia kwa subira zaidi. Wanachora kloroplasti, vile vifuko vya kijani vinavyotumia mwanga kutengeneza chakula, ambazo hazipo. Wameziona kitabuni kwenye mchoro wa seli ya mmea, basi wanaziweka. Magamba ya kitunguu hukua bila mwanga na hayatengenezi kloroplasti. Kinachoonekana kweli ni ukuta wa seli, kiini kilichochukua rangi ya iodini, na eneo kubwa tupu la vakuoli (mfuko wa maji ndani ya seli) lililosukuma kiini pembeni. Mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alipoandika juu ya seli mwaka 1665 alikuwa anatazama gome la mti lililokufa, naye aliona kuta tu. Mchoro wenye vitu vitatu vilivyoonekana unapata alama zaidi ya mchoro wenye kumi vilivyokaririwa.

Halafu tunapima. Ukikuza mara 100, duara ni mikromita 1,800. Seli sita zikijipanga kutoka ukingo hadi ukingo, kila moja ina wastani wa mikromita 300. Kila mmoja anapima seli kumi, mojamoja, na hapo swali linakuja: "Ipi ndiyo sahihi?" Moja ina 210, nyingine 380, na zote zimetoka kwenye kipande kimoja. Zote ni sahihi. Nawaambia waandike zote kumi, na wasiguse kifutio.

Saa 5:00

Osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye myeyusho mzito zaidi. Vipande vya kiazi vinatobolewa kwa mrija mmoja ili vilingane unene, vinakatwa sentimita 3, vinapimwa uzito hadi sehemu ya mia ya gramu, kisha vinawekwa vitatu vitatu kwenye maji matupu na kwenye miyeyusho ya 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1.0. Ganda lote liondolewe, maana halipitishi maji vizuri. Nusu saa ndicho kima cha chini. Saa nzima inatoa picha safi zaidi.

Wakati wa kungoja si wa kukaa. Mabaki ya kiazi yanaingia kwenye peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3, na povu linapanda kwa sababu kimeng'enya (kichocheo cha kemikali ndani ya seli) kiitwacho katalesi kinaivunja kuwa maji na oksijeni. Kipande kilichochemshwa hakitoi povu, kwa kuwa joto limeharibu umbo la kimeng'enya. Angalizo: mchemraba mkubwa uliochemshwa dakika moja una moyo mbichi. Ukikatwa unatoa povu, na mwanafunzi anahitimisha kwamba kimeng'enya kinastahimili kuchemshwa. Kata vipande vya nusu sentimita, chemsha dakika tano.

Tukirudi kwenye osmosisi, kila kipande kinakaushwa kwa karatasi kabla ya kupimwa tena, kwa mguso uleule kwa vyote. Ukikamua, unatoa maji ya ndani. Usipokausha, unapima maji ya nje. Tunatumia asilimia ya badiliko kwa kuwa uzito wa kuanzia haulingani: kipande cha gramu 2.50 kilichofika 2.70 kimeongezeka asilimia 8. Mstari wa grafu unapokata sifuri ndipo seli na myeyusho vinapolingana kwa nguvu ya kuvuta maji, na kwa kiazi mara nyingi ni kati ya 0.2 na 0.4. Vipande vitatu vya bikari moja havitoi jibu moja, hasa vikitoka kwenye viazi tofauti. Tunachora nukta zote tatu, kisha wastani.

Saa 7:30 mchana

Ncha za mizizi ya kitunguu, ili kuona seli zikigawanyika. Vitunguu vimekaa siku tatu hadi nne kitako chake kikigusa maji. Mizizi inakatwa na kuwekwa kwenye asidi ya hidrokloriki ya molari 1 iliyopashwa hadi nyuzi 60 za Selsiasi, kwa dakika tano. Asidi inalegeza kile kinachogundisha kuta za seli jirani. Ukiiondoa mapema, seli zinabaki bonge. Ukiichelewesha, ncha inakuwa uji na kukatika kwenye koleo. Vaa miwani na glovu, na suuza kwa maji kabla ya kutia rangi ya toluidini bluu kwa dakika mbili.

Kinachohitajika ni milimita 2 za mwisho tu. Anayeona seli ndefu za mstatili zisizoonyesha kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) amekata juu mno, kwenye sehemu inayorefuka badala ya inayogawanyika. Kifuniko kinafunikwa kwa karatasi na kukandamizwa kwa kidole gumba wima, bila kuzungusha, maana ukizungusha seli zinakunjana. Kitunguu kina kromosomu 16. Seli nyingi hazitakuwa zinagawanyika, na hilo ni jambo la kawaida: hesabu mia, gawanya zinazogawanyika kwa jumla, upate kiwango cha ugawanyikaji.

Saa 8:30

Urithi, kwa kifupi, na kwa namba za Gregor Mendel, mtafiti wa urithi, za mwaka 1866. Mbegu za njegere 5,474 za mviringo, 1,850 za mikunjo. Uwiano ni 2.96 kwa 1, si 3 kwa 1 kamili unaotarajiwa. Kati ya mbegu 7,324 tungetarajia 5,493 na 1,831, tofauti ya 19 kila upande. Kai-mraba, kipimo cha umbali kati ya hesabu na matarajio, inatoka takriban 0.26, mbali chini ya kikomo cha kawaida cha 3.84, kwa hiyo bahati peke yake inatosha kuieleza. Hapa mwanafunzi anapata kipimo cha kuamua tofauti ipi inahitaji maelezo na ipi haihitaji.

Saa 9:15

Sasa mageuko. Tunatandaza kitambaa chenye maua ya rangi nyingi na kumwaga vidoti 100 vya karatasi, rangi kumi, kumi kwa kila rangi. "Ndege" wanne, yaani wanafunzi, wanaokota kimoja kimoja, wakigeuza uso pembeni kila baada ya kuokota, mpaka vibaki 25. Kila kilichobaki kinazaa vitatu vya rangi yake, tunarudi 100, tunacheza tena. Vizazi vitatu vinatosha. Kitambaa cha rangi moja hakifai, mchezo unaisha kizazi cha kwanza. Vidoti vilivyogandana vitenganishwe, la sivyo vinaokotwa kwa kushikika kwake, si kwa kuonekana.

Bila sehemu ya pili, zoezi hili lina pengo. Kundi jingine linaokota limefumba macho. Rangi zake nazo zinabadilika, na hata baadhi kupotea, lakini kila meza inapoteza rangi tofauti. Kwa waliofumbua macho, meza zote zinaelekea rangi zilezile. Kufanana huko kati ya meza na meza ndiko kunakotenganisha uteuzi asilia (mazingira kubakiza wenye sifa zinazofaa) na bahati.

Tena hakuna kidoti kilichobadilika rangi kwa kutaka kupona. Rangi ikiisha haijirudii. Wanafunzi husema bakteria "wanajifunza" kuishinda dawa. Mwaka 1952 wanabiolojia Joshua na Esther Lederberg walinakili makoloni ya bakteria kutoka sahani moja hadi nyingine kwa kitambaa cha mahameli, wakaonyesha kwamba wenye usugu walikuwepo kabla hawajaiona dawa. Dawa iliwabakiza, haikuwaumba.

Hapo narudisha karatasi za asubuhi zenye vipimo kumi vya seli. Kwenye kisiwa cha Daphne Major, katika visiwa vya Galápagos vya Bahari ya Pasifiki, ukame wa mwaka 1977 uliua sehemu kubwa ya ndege wadogo wa spishi ya Geospiza fortis, kwa sababu mbegu ndogo laini ziliisha na zikabaki kubwa ngumu. Wanabiolojia Peter na Rosemary Grant na wenzao walikuwa wamewapima midomo kabla ya ukame. Waliopona walikuwa na midomo yenye kina kilichozidi wastani wa awali kwa takriban nusu milimita, na kwa kuwa kina cha mdomo hurithiwa, watoto wao nao walikuwa na midomo mikubwa. Nusu milimita! Mtu aliyepima ndege watatu na kuandika "wastani" asingekuwa na chochote cha kuonyesha.

Hurithiwa, nasisitiza. Urefu wa seli za kitunguu kimoja unatofautiana ilhali jeni zake ni zilezile; tofauti ya namna hiyo haipiti kwenda kizazi kijacho. Mwanafunzi anayeuliza "tofauti hii inarithiwa?" kabla ya kutamka neno uteuzi ameshika somo.

Saa 11:00 jioni

Peroksidi iliyobaki inamwagwa sinkini na maji mengi. Asidi inapunguzwa makali kwa magadi hadi povu likome, ndipo inamwagwa. Slaidi zilizovunjika zinakwenda kwenye kopo la vioo, si kwenye kapu la karatasi. Hadubini zinarudi kwenye lenzi ya mara 4, jukwaa likiwa chini kabisa.

Mwisho ni kuingiza vipimo kwenye jedwali la kundi zima: kila urefu wa seli, kila kipande cha kiazi, kila rangi ya kidoti kwa kila kizazi. Thamani inayoonekana ya ajabu inaingizwa ilivyo, pembeni ikiandikwa hadubini au bikari iliyotumika. Kama ni kosa la chombo, litajirudia kwenye vipimo vingine vya chombo hichohicho na tutaliona. Wiki ijayo jedwali hilo ndilo watakalolitumia kukokotoa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika kuzunguka wastani.