"Toeni chochote, kitafaa": ushauri ulioigharimu jumuiya yetu

"Toeni chochote, kitafaa tu." Hakuna ushauri uliotugharimu kama huo nilipoanza kukusanya michango ya jumuiya yetu, inayozipelekea skuli za Pemba vifaa vya sayansi. Kasha la kwanza kutoka Marekani lilishushwa Mkoani likiwa na hadubini nne. Tulipoichomeka ya kwanza, balbu iliungua papo hapo: imetengenezwa kwa volti 120, na umeme wetu ni 230.

Tukaambiwa tununue transfoma ya kupunguza volti. Nilikataa, na hadi leo naona nilifanya vyema, kwa sababu transfoma ikifa hadubini inarudi kabatini. Tuling'oa balbu zote, tukalaza taa ya simu chini ya jukwaa la hadubini, pale panapolazwa kitu cha kutazamwa, na kuifunika kwa karatasi nyeupe nyembamba ili mwanga utawanyike. Bila karatasi unaona doa la mwanga tu. Mchana kioo kidogo kilichoegeshwa kwa nyuzi 45 kinatosha, kielekee dirishani na katu kisielekee jua, maana jua likipita kwenye lenzi huunguza jicho. Cha kutazama ni ngozi ya kitunguu, tone la iodini ya duka la dawa iliyozimuliwa kwa maji mara nne, na kifuniko chembamba cha kioo kilazwe polepole kuanzia upande mmoja kisije kikanasa viputo vya hewa. Kwa lenzi ya 40 seli zinajipanga kama matofali, na kila moja ina kiini cha rangi ya chai.

Lenzi nazo huliwa na kuvu wakati wa masika. Utaona kama utando wa buibui ndani ya kioo, na ukishakila kioo hausafishiki tena. Mwenye kidogo alete makopo ya plastiki yanayofunga barabara, pamoja na chembe za silika zinazofyonza unyevu. Lenzi zinafunguliwa na kuhifadhiwa humo. Silika ya buluu ikigeuka waridi, ikaushwe kwa moto mdogo mpaka buluu irudi, kwenye sufuria isiyopikiwa chakula.

Wengi hudhani kemikali ndizo ghali. Hesabu ni hii: wanafunzi 40 wa Kidato cha Nne, kila mmoja atumie mililita 100 za asidi ya moli 0.1 kwa lita, jumla lita nne. Hizo zinatoka kwenye mililita kama 33 tu za asidi ya haidrokloriki kali. Kinachotumaliza ni bureti, mrija wa kupimia wenye koki chini ya kudondoshea asidi au besi. Zenye koki ya kioo hukwama, kwa sababu sodiamu haidroksaidi ikikaukia kwenye koki huigandisha, na mtoto akilazimisha kuizungusha inavunjika mkononi mwake. Kwa hiyo ukichangia bureti, chagua za koki ya plastiki, mililita 50. Asidi tuachieni tununue wenyewe; msiitie kwenye mkoba mkapanda nayo boti ya abiria.

Pesa nazipenda zaidi zikija kidogo kidogo. Elfu tano kila mwezi inatufaa kuliko laki moja ya ghafla, kwani karatasi za litmasi za kutambulia asidi na vifuniko vya kioo huisha kila muhula. Tuma kwa simu kwenye namba ya jumuiya, si ya mtu, eleza ni ya nini, kisha dai risiti. Jumuiya inayokasirika kuombwa risiti, iache.

Ndugu zetu wa Muscat na London: tumeni orodha kabla ya mzigo, pamoja na volti na mwaka wa kemikali kuharibika. Msamaha wa ushuru uombwe mapema, la sivyo mzigo unalala bandarini na gharama zinapanda kila siku.

Na mkulima asiye na pesa? Kuna mzee alituletea nusu gunia la makonyo makavu, yaani vijiti vya karafuu, nao ni mchango ninaoupenda kuliko yote. Gramu 50 za makonyo, mililita 250 za maji, chupa ya mililita 500, chemsha polepole, mvuke upozwe. Yanatoka maji meupe kama tui. Yakitulia, matone ya mafuta ya karafuu yanazama chini, na darasa zima linasogea mezani, kwa sababu kila mtoto alitarajia mafuta yaelee.