Siku moja kwenye jukwaa la ujenzi, Mji Mkongwe, Zanzibar

Saa 12 na nusu asubuhi. Kabla ya chai nalizunguka jengo zima. Natikisa nguzo za jukwaa moja moja, naangalia nyufa tulizozitia alama. Ofisi hii ya serikali tunayoikarabati ni kuukuu, na sisahau 25 Disemba 2020: Beit el-Ajaib, jumba la sultani la 1883 papa hapa mjini, lilianguka sehemu likiwa kwenye matengenezo, watu wawili wakafa. Vijana wangu hawapandi juu mpaka nimeshuka mimi.

Saa 1. Tunabandua saruji. Ukuta wenyewe ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, tena mnene kama urefu wa mkono. Ukuta wa namna hii hunywa maji, ya mvua na ya ardhini yenye chumvi, kisha jua likiwaka huyatoa. Zamani mtu aliukandika saruji akidhani anautia nguvu. Maji yakakosa pa kutokea. Nikigonga tindo, pande linadondoka zima kama gamba, na nyuma yake chokaa ya wazee imekuwa ujiuji, naichota kwa kidole. Inaniuma kila mara.

Saa 4, mandazi na mbaazi.

Saa 5. Tunafungua shimo la chokaa. Imelala ndani ya maji miezi kadhaa, laini kama samli. Sehemu 1 ya chokaa, 3 za mchanga uliochekechwa, halafu kuponda na kuponda. Hapa ndipo wengi huchoka wakaongeza maji, na plasta yao hupasuka.

Adhana ya adhuhuri, tunasimama.

Saa 8. Jua liko upande wa magharibi, kwa hiyo tunapaka mashariki, kwenye kivuli. Tunalowesha ukuta kwanza, tunapaka nyembamba, tunaning'iniza magunia mabichi mbele yake ili ikauke polepole.

Msimamizi kutoka ofisini anafika.
"Asalamu alaykum, fundi. Upande wa kusini mbona uchi? Sherehe za Mapinduzi ni 12 Januari."
"Waalaykumu salaam, bwana. Hebu weka kiganja hapa."
Anaweka. Anakitoa kimelowa.
"Nikiufunika hivi leo, mvua ya masika itaubandua."
Anafuta mkono kwa leso, ananyamaza, kisha anauliza itachukua wiki ngapi. Namwambia ukuta ndio utakaosema.

Saa 11. Tunaosha miko na ndoo, tunamwagia magunia maji mara ya mwisho. Napita tena kusini, naugusa. Bado unatoka jasho.