Maji Yana Akili

"Maji yana akili, dada. Yatapita pa kupita."

Naandika hapa kwa sababu ofisini nimeshamsimulia kila mtu na hakuna anayetaka kunisikiliza tena. Maneno hayo kanambia fundi Jumatatu, huku akikoroga saruji, na mimi nimesimama mlangoni mwa choo kipya cha mama, simu mkononi, nazipiga picha paipu kabla hazijafukiwa ukutani. Nilichomwomba kilikuwa kidogo tu: asizibe mpaka tuzijaze maji, tuzilaze nayo, asubuhi tuzitazame. Ndiyo akanijibu hivyo. Na mama, aliyekuwa ukumbini akichagua mchele, akacheka.

Wala hakikuwa kile kicheko cha kuondosha aibu. Kacheka khasa, mpaka akauweka ungo chini.

Wiki hii barua yangu ya uhamisho wa Mkoani imetoka na harusi ya Wete imepita salama, alhamdulillahi, lakini mimi kila nikitulia nakisikia kicheko kile. Majibu yakaja baadaye, kama kawaida yangu. Nimo kwenye gari ya Wete, nimebanwa baina ya polo la mkaa na bibi mwenye kuku, likanijia: "Kama maji yana akili, wewe tunakulipa kwa kazi gani?" Nikalisema kwa sauti. Bibi akanitazama, akamsogeza kuku wake upande wa pili. Usiku likaja jengine, zuri zaidi: "Na yale yaliyobomoa ukuta wa choo cha zamani, akili yao ilikuwa wapi?" Hili nililipanga na kulipangua mpaka adhana ya alfajiri. Ningelisema polepole, bila ya kunyanyua sauti, kisha ningegeuka niende zangu jikoni. Nilichokisema siku ile kilikuwa "Haya fundi, lakini tujaze."

Tukajaza. Haki yake nimpe: kazi ya paipu anaijua. Hizi za plastiki ya kuchomelea zikipashwa moto kupita kiasi huyeyuka kwa ndani, tundu likafinyana, ukafungua mfereji maji yakatoka kwa kusuasua. Zake zote zimetoa maji vizuri. Asubuhi nikapita na karatasi ya chooni, nikaibandika kwenye kila kiungo, maana tone dogo jicho hulipita lakini karatasi hulowa. Kavu. Kona ya sinki kavu, chini ya shawa kavu. Fundi kasimama nyuma yangu kimya, mikono mfukoni, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba walau kiungo kimoja kitoe jasho.

(Wale mtakaonambia kuwa kulaza maji hakutoshi, najua. Tangi letu liko mita 4 juu, na maji yanahitaji kupanda mita 10 ndiyo yatoe bar 1, kwa hiyo zile paipu zimejaribiwa kwa presha isiyofika hata nusu bar. Fundi hana pampu ya kupimia yenye saa ya presha, na niliowauliza hapa Chake hawana. Siku tukifunga mota ya kuyaongezea maji presha tutajua zaidi.)

Paipu ya kwenda kwenye karo, yaani shimo la maji machafu, nayo niliipima, tena kwa pimamaji yake mwenyewe. Inashuka sentimita mbili na nusu kwa kila mita, ndivyo inavyotakiwa. Na kaitoa paipu ya hewa mpaka juu ya paa bila ya kuambiwa, kwa hiyo ukivuta maji ya choo, lile tundu la sakafuni halitoi mlio wala harufu. Basi mpaka hapo nilikuwa nimeshindwa, na mama alikuwa akimpelekea chai na mkate wa kumimina.

Alkhamisi tailizi zimeshakauka, nikamwaga ndoo nzima chini ya shawa.

Maji yakatandaa, yakalikaribia tundu, yakalipita kwa kushoto kama hayajaliona, yakatoka mlangoni na kuingia chini ya busati la ukumbini. Mama akanyanyua miguu. Hakusema neno.

Nikaona sasa nisiache kitu. Nikaenda kabatini nikachukua rangi ya biriani, nikafunua tangi la choo, nikatia kijiko.

"Rangi yangu ya biriani unaitia chooni?"

"Nusu saa tu, mama. Mtu asivute maji."

Ule mpira ulio chini ya tangi ukiwa haukukaa sawa, maji huvuja kidogo kidogo kuingia bakulini usiku na mchana, na kwa kuwa hayana rangi wala sauti hujui, unashangaa tu tangi la juu linaisha upesi na umeme wa pampu unapanda. Tukakaa. Mama ndiye aliyekwenda kuchungulia mwanzo, kabla nusu saa haijafika. Bakuli lote la rangi ya machungwa.

Akashika kiuno. Akasema, "Mpigie fundi. Mwambie aje atazame akili."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye kizingiti, na yeye akicheka, na maji ya busati yakinilowesha kanga. Fundi akaja baada ya magharibi, akatazama bakuli, akatazama sisi, akabadilisha mpira bila ya usemi wowote. Ama sakafu, kasema atafumua zile tailizi za upande wa mlango na kuzilaza upya kwa saruji yake. Fedha iliyobaki anayo mama, na mama hatoi kitu mpaka ndoo imwagwe tena.

Jana usiku nikamuuliza: siku ile, alipocheka, alikuwa akimcheka nani, mimi au fundi?

"Siku gani?"

Nikamkumbusha. Hakumbuki. Ati alicheka? Labda alikuwa akicheka kitu cha redioni. Redio siku ile ilikuwa haina betri, hilo mimi nalikumbuka.

Hata hivyo sasa hivi roho yangu haiko chooni. Tokea adhuhuri mawingu yamekaa upande wa Wete na ami kaanika karafuu zake zote nje, ndiyo kwanza siku ya pili ya jua, na nyumbani kwake yuko peke yake na mgongo wake ule. Nampigia, simu inaita tu.