Lango la Paganhill

Mwanangu amerudi na kazi ya shule. Swali la tatu: utumwa ulikomeshwa mwaka gani? Chini yake pana nafasi ya tarakimu nne, basi. Nimeitazama ile nafasi nikalikumbuka lango la Paganhill, kule Stroud, Uingereza, ambalo jibu lake limechongwa juu kabisa kwa tarakimu za Kirumi, na jibu hilo mwalimu wa hapa Unguja angelipiga mstari wa wino mwekundu.

Huko nilikwenda safari moja kwa mafunzo ya ujenzi wa chokaa. Mengine yote yalikuwa mvua, darasa na viazi, hayana hadithi. Siku moja ya mapumziko nikapanda kwa miguu kutoka katikati ya mji. Stroud uko kusini magharibi mwa Uingereza, katika mkoa wa Gloucestershire, mji wa mabonde na viwanda vya zamani vya nguo. Kitambaa chake chekundu ndicho kilichowavisha askari wa Kiingereza. Njia ya Paganhill haina cha kukutayarisha. Unapita nyumba za watu wa kawaida, magari yaliyopandishwa kando ya njia, mapipa ya taka, kisha mbele yako limesimama tao la mawe.

Alilijenga Henry Wyatt, tajiri aliyekuwa na jumba la Farmhill Park na aliyeupinga utumwa, mwaka 1834. Magari yake ya farasi yalikuwa yakipita chini yake kuelekea nyumbani. Leo jumba halipo, uwanja wake umejaa nyumba za watu, na lango limebaki kuwa geti lisilo na nyumba. Shule ya sekondari ya jirani inaitwa Archway kwa sababu yake. Limewahi kutengenezwa, na limo katika orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Lakini kulindwa na sheria ni kitu kimoja na kutazamwa ni kitu kingine, anayekaa Mji Mkongwe haambiwi. Nilisimama pale muda mrefu, wenyeji wanapita na mifuko yao ya dukani, na hapana hata mmoja aliyeinua kichwa.

Nami sikuanza na maandishi. Fundi akifika kwenye jengo hutazama kwanza maji yanapita wapi. Upande unaopigwa na mvua jiwe lilikuwa jeupe, limeoshwa. Chini ya ukingo, mvua isikofika, lilikuwa jeusi, lina gamba. Mtu hudhani ni uchafu tu, na ndipo balaa linapoanzia, kwa sababu uchafu huoshwa. Gamba lile ni jiwe lililogeuka. Moshi wa makaa ya mawe una kiberiti, yaani salfa. Kikikutana na unyevu kwenye uso wa jiwe la chokaa, uso huo huwa jasi, na jasi hunasa masizi. Pale mvua inapofika jasi huyeyuka ikaondoka, pale isipofika hujijenga miaka na miaka, hata siku moja ikabanduka na kuchukua uso wa jiwe pamoja nayo.

Nikasogea mpaka pua ikakaribia kugusa nguzo. Jiwe la milima ya Cotswold ukilitazama kwa mbali ni rangi ya asali tu. Kwa karibu ni punje, punje duara zilizoshikana kama mayai ya samaki, hakuna iliyozidi milimita mbili, na katikati yake vipande vya makombe ya kale. Nikapitisha kidole gumba: baadhi ya punje zikatoka zikabaki kwenye ngozi, nyeupe, kavu. Jiwe hili lilizaliwa kwenye bahari ya joto yenye maji mafupi, miaka zaidi ya milioni 160 iliyopita. Na jiwe letu la Mji Mkongwe nalo ni matumbawe, mtoto wa bahari ya aina ile ile, ila ni mdogo sana kwa umri. Yote mawili ukiyachoma tanuuni yanatoa chokaa. Yote mawili yanakunywa maji na kuyatoa, na yote mawili yanauawa na saruji.

Hili la saruji nalisema kila siku na nitalisema tena. Unyevu ukiingia ukutani hutafuta pa kutokea. Kwenye ukuta wa chokaa hutokea kwenye viungo baina ya mawe, na kiungo kikichakaa baada ya miaka unakichokora ukajaza kingine. Ukiziba viungo kwa saruji, ambayo ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi maji, unyevu hutokea kwenye jiwe lenyewe. Kwao maji hayo huganda wakati wa baridi, yakivimba yanapasua uso. Kwetu hayagandi, lakini yanabeba chumvi, na chumvi ikikauka ndani ya jiwe hufanya kazi ile ile. Mwishowe unabaki na viungo vya saruji vimesimama vizuri, na mawe yamelika baina yake.

Ndipo nikarudi nyuma nikayasoma maandishi. Yanasema lango limejengwa kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa katika makoloni ya Uingereza, tarehe mosi Agosti, 1834. Neno linalobeba mzigo hapo ni makoloni, na hata humo palikuwa na mlango wa nyuma. Sheria ile haikuzigusa nchi zilizokuwa chini ya Kampuni ya India Mashariki, kampuni ya biashara ya Kiingereza iliyotawala India, wala Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo. Watoto wasiotimiza miaka 6 waliachiwa, wakubwa wakaitwa wanagenzi na kuendelea kuwatumikia mabwana zao mpaka tarehe mosi Agosti 1838, isipokuwa mahali pachache kama Antigua. Fidia ya pauni milioni 20 ilitengwa, na waliolipwa ni mabwana.

Unguja tarehe hiyo ilikuwa chini ya Seyyid Said na biashara ya watu ilikuwa inakua. Soko lilifungwa 1873, kwa mkataba alioutia saini Seyyid Barghash. Utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na aliyetaka uhuru wake alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba. Masuria wakasubiri mpaka 1909. Mwambao wa Kenya ni 1907, Tanganyika 1922. Sijui hata sasa kama Wyatt alishangilia mapema mno, au mtu anayejenga lango ana haki ya kufurahia lile lililo mlangoni kwake tu.

Nikiwa bado na kidole kwenye jiwe, akaja mzee mmoja na mbwa wake, akaniuliza kama nimetumwa na halmashauri. Nikamwambia hapana, mimi mpita njia. Akasema ingefaa waje na ile mashine ya kurusha maji kwa nguvu, waling'arishe. Nikamkatiza hapo hapo. Maji ya nguvu yanaingia kwenye viungo na kung'oa ile ngozi ngumu iliyojifanya juu ya jiwe. Ndani ni laini, mvua ya mwaka mmoja itakula kuliko ya miaka mingi. Tindikali ndiyo usiitaje kabisa, inayeyusha jiwe la chokaa. Gamba jeusi hulainishwa kwa manyunyu membamba ya maji, kidogo kidogo, na brashi laini isiyo ya waya. Kangaga na mimea iliyoota kwenye viungo usiivute kwa nguvu, utatoka na jiwe. Kata shina, acha mizizi ife. Kisha uchokore kiungo kwa tindo, kina mara mbili ya upana wake, utoe vumbi, uloweshe, na ujaze kwa chokaa moja na mchanga tatu, ukishindilia kwa mwiko mwembamba. Kazi hiyo haifanywi baridi ikishuka chini ya nyuzi 5. Ukishamaliza unafunika kwa gunia bichi na kulilowesha siku kadhaa, maana chokaa ikikauka haraka inakuwa unga. Huko gunia linakinga upepo na baridi, kwetu linakinga jua.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, mbwa amekwishalala. Akasema mafundi wanaweza kupatikana, hata fedha pengine zitapatikana, lakini nani atakuja hapa kila asubuhi kulowesha gunia? Nikamwambia kwetu nako kazi huharibikia hapo hapo.