Nilivyoamua saluni yangu ianze na viti viwili
Fremu niliyoitamani Mbagala ilikuwa kubwa, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Ningelipa, mtaji uliobaki ungetosha vioo tu. Nikapiga hesabu upande wa pili: mteja wa rasta hukalia kiti saa 4 hadi 6, hivyo msusi mmoja humaliza vichwa viwili kwa siku. Kumbe kinachobana ni mikono ya wasusi, siyo viti! Nikachukua fremu ndogo: viti 2, sinki moja la kuoshea, draya moja ya kusimama. Pesa iliyobaki ikaenda kwenye rasta, dawa za nywele na LUKU, maana draya inakula umeme kwelikweli. Sikukuu zikikaribia, namwita msusi wa kulipwa kwa kichwa. Anasukia hapo kibarazani.